Kwa nini vifo vya akina mama wakati wa uzazi Uingereza havikushuka pamoja na vya watoto?

Kaka, unasema ni umaskini, lakini umaskini peke yake hautoshi kueleza. Kati ya 1900 na 1930 vifo vya watoto wachanga Uingereza vilishuka kutoka takriban 150 hadi 60 kwa kila vizazi hai 1,000. Maji safi na maziwa salama vilichangia. Vya akina mama vilibaki kati ya 4 na 5 kwa kila vizazi 1,000, na wake za matajiri hawakusalimika. Pengine ndio waliopona kwa shida zaidi, maana daktari wao alikuwa mwepesi wa kushika koleo kumvuta mtoto.

Muuaji mkuu alikuwa homa ya uzazi, inayoletwa na bakteria aina ya streptokoka. Kunawa mikono kulisaidia, lakini vijidudu hivyo hukaa pia kooni na puani mwa daktari au mkunga asiyeumwa chochote, na barakoa hazikuwa kawaida. Mambo yaligeuka 1936: daktari Leonard Colebrook, hospitali ya Queen Charlotte's, London, aliwapa wagonjwa 38 wa kwanza Prontosil, dawa ya Kijerumani ya salfa, inayopambana na bakteria. Walikufa 3 tu. Penisilini ilikuja baadaye.