Maswali Yenu ya Maji: Mrututu kwenye bwawa la kunywa, nani kauruhusu?

SWALI: Mtaalam habari za kazi. Sisi huku ni mji mdogo tu kando ya ziwa, mkoa wa Mwanza, maji yetu yanavutwa ziwani yanatuama kwenye bwawa halafu ndo yanapandishwa tenki. Juzi kati bwawa liligeuka kijani kama rangi ya ukutani, asubuhi tukawaona vijana wa pampu wako kwenye mtumbwi wanaburuza kiroba majini, ndani kuna mawe ya bluu. Jioni maji yakafunguliwa kama kawaida tukanywa. Ukiuliza unaambiwa ni dawa ya mwani. Hii inaruhusiwa kweli? Na nani anawasimamia hawa? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Salama ndugu yangu. Kwa ulivyoeleza huo ni mrututu, ule ule wakulima wa kahawa na nyanya wanaopulizia kuzuia ukungu. Kuua mwani kwa mrututu ni jambo la siku nyingi, Marekani walishaanza 1904, na hiyo ya kuburuza kiroba nyuma ya boti ndo njia yenyewe ya zamani. Kinachonitisha kwenye barua yako ni hapo uliposema jioni maji yakafunguliwa.

Iko hivi, mwani unaofanya ziwa letu liwe kijani mara nyingi ni jamii ya sayanobakteria, yaani bakteria wanaofanana na mwani, na baadhi yao wana sumu inayoharibu ini. Wakiwa hai sumu nyingi inakaa ndani yao, ukiwamwagia mrututu wanapasuka na sumu yote inaingia kwenye maji, kwa hiyo bwawa linaanza kung'aa watu wanafurahi kumbe maji ndo yamekuwa hatari kuliko jana. Australia yaliwakuta 1979 huko Palm Island, watu walilalamika maji yana harufu na ladha mbaya, bwawa likawekwa mrututu, baada ya siku chache watu zaidi ya 100 wakaugua ini na matumbo, wengi wao watoto.

Halafu kuna kipimo. Robo ya uzito wa mrututu ni shaba. Kilo 1 kwenye lita 100,000 za maji inakupa miligramu 2.5 za shaba kwa kila lita, na Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema maji ya kunywa yasizidi 2. Sasa waulize wale vijana bwawa lina lita ngapi na kiroba kilikuwa na kilo ngapi, wakishindwa kujibu ujue walikuwa wanabahatisha na matumbo yenu. Na kama mrututu wenyewe ulinunuliwa duka la pembejeo, maelezo ya pale kwenye pakiti ni ya shambani, hayahusu maji ya kunywa.

Kuhusu usimamizi, kama mradi unaendeshwa na jumuiya ya watumia maji nendeni RUWASA, wakala wa maji vijijini, pale wilayani, kama ni mamlaka ya maji basi ni EWURA, wadhibiti wa huduma za nishati na maji. Kemikali zenyewe ziko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na kama bwawa linatiririka kurudi ziwani ipelekeeni nakala Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, maana shaba inaua samaki, na mwani ukifa kwa wingi unaoza unamaliza hewa majini.

Kwenye barua mtakayowaandikia daini daftari lenye tarehe, kilo, lita, jina la aliyepima. Daini pampu ifungwe mpaka maji yapimwe shaba na sumu ya mwani, na tangazo lipite mtaani KABLA ya dawa, sio mtu agundue kwa kuona mtumbwi. Mimi kwa upande wangu ningewaambia mrututu uwekwe mapema mwani ukiwa bado kidogo, au bora zaidi waache kuuwa kabisa, watumie shabu (ile dawa nyeupe ya kutuamisha uchafu majini, sio shaba) na chujio la mchanga wautoe mwani ukiwa mzima na sumu yake ndani.

SWALI: Mimi ni mama ntilie huku Igombe, ziwa likiwa na utando wa kijani nikichemsha maji si yanakuwa salama? – Mama Neema

JIBU: Hapana dada yangu. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na kuhara, lakini sumu ya mwani haiondoki kwa moto, tena mwani ukichemka unapasuka inatoka yote. Siku hizo usichote kabisa pale, tumia ya kisima au ya mvua hata kama itabidi ununue madumu, na watoto wasiogee kwenye huo utando. Mbuzi na mbwa nao wazuieni, wakinywa pale wanaweza kufa.