Usisimbe anwani nzima: ushauri kwa wanaoanza kuandika programu za wavuti

Mdogo wangu unayeanza kazi hii, mfumo wako wa kwanza utakwenda vizuri kwa muda, kwa sababu unaujaribu kwa maneno mepesi kama Juma na Tanga. Kisha watu wenyewe wanaanza kuutumia. Mmoja anatafuta ng'ombe, mwingine anasajili duka liitwalo Asha & Wanawe, wa tatu anajaza namba ya simu inayoanza na +255. Malalamiko yanaanza hapo, na nimeona vijana hodari wakipekua hifadhidata usiku kucha ilhali kosa limekaa kwenye anwani ya wavuti (URL).

Kama utashika jambo moja tu katika haya, shika hili: kila kipande cha data kisimbwe peke yake, kabla hakijaunganishwa na vingine, na kisimbwe mara moja tu. Kusimba ni kuziandika alama kwa misimbo ya asilimia ili zipite salama ndani ya anwani; kusimbua ni kuzirudisha zilivyokuwa.

Chukua lile duka. Programu inaunda anwani hii:

/tafuta?duka=Asha & Wanawe&mji=Tanga

Wewe unaona jina la duka na mji. Seva haioni hivyo. Kwake & ni mpaka kati ya kigezo (jina na thamani yake, kama mji=Tanga) na kigezo kingine, kwa hiyo duka linabaki "Asha" na nafasi tupu nyuma yake, "Wanawe" inageuka kigezo kisicho na thamani, na utafutaji unaleta akina Asha wote wa mji. Ukisimba jina peke yake unapata duka=Asha%20%26%20Wanawe, na seva inapokea jina zima. Lakini ukingoja anwani iungane ndipo uisimbe yote, umechelewa: hakuna programu duniani inayoweza kutambua & ipi ni mpaka na ipi ni sehemu ya jina. Wewe uliyeunganisha ndiye pekee uliyejua.

Kanuni zenyewe ziko kwenye waraka wa viwango vya intaneti, RFC 3986 wa Januari 2005, ulioandikwa na Tim Berners-Lee, Roy Fielding na Larry Masinter. Usome, hasa sehemu ya pili. Ni fupi kuliko unavyodhani. Herufi za Kilatini zisizo na vikorombwezo, tarakimu na alama nne (- . _ ~) hazihitaji kusimbwa kamwe. Alama kama / ? # & = + : @ zina kazi ndani ya anwani, hivyo zikiwa data lazima zisimbwe. Kingine chochote hugeuzwa kuwa baiti, na kila baiti huandikwa kwa alama ya asilimia ikifuatwa na tarakimu mbili za heksadesimali. Nafasi ni %20, # ni %23, / ni %2F, na asilimia yenyewe ni %25.

Herufi zilizo nje ya ASCII (seti ya msingi ya herufi za Kiingereza) hupitia kwanza UTF-8, mfumo wa kugeuza herufi kuwa baiti. Kwa hiyo é ni baiti mbili, %C3%A9. Ukikuta %E9 peke yake, jua upande wa pili kuna mfumo wa zamani unaotumia Latin-1, na zungumza na wenzako wa huko kabla hujaanza kutia viraka. Jina la Kiarabu سعيد lina herufi nne, lakini kwenye anwani linakuwa %D8%B3%D8%B9%D9%8A%D8%AF, alama 24. Likumbuke hilo kabla hujaweka kikomo kifupi cha urefu wa anwani.

Sisi tunaoandika Kiswahili tuna mtihani wetu, nao ni ile alama ya ng'. Hapa nakuomba utulie. Kazi ya encodeURIComponent ya JavaScript huiacha ' kama ilivyo, lakini rawurlencode ya PHP na quote ya Python huigeuza kuwa %27. Zote zikisimbuliwa hurudi kwenye neno lilelile, kwa hiyo usizilinganishe anwani kabla ya kuzisimbua. Ila kama HTML yako imefunga href (sifa inayobeba anwani ya kiungo) kwa alama hiyohiyo, ile ' iliyoachwa wazi itakatisha kiungo katikati ya neno. Funga href kwa alama mbili za kunukuu, na uikinge data yako kwa kanuni za HTML pia, kwa sababu hiyo ni hatua nyingine kabisa. Zaidi ya hapo, simu nyingi hubadilisha ' iliyonyooka kuwa ’ iliyopinda bila kumwuliza mwandishi. Hiyo husimbwa %E2%80%99, na kwa seva ng’ombe na ng'ombe ni maneno mawili tofauti. Usimbaji hautakuokoa hapo. Badilisha zote ziwe za aina moja unapopokea data na pia unapotafuta.

Alama ya + nayo ina historia yake. Katika data za fomu, nafasi huandikwa +, na seva nyingi huisoma hivyo kwenye sehemu iliyo baada ya alama ya kuuliza. Ukituma namba=+255 bila kusimba, upande wa pili unapokea nafasi kisha 255, na namba inakataliwa. Iandike %2B255. Kwenye njia, yaani kabla ya alama ya kuuliza, + ni + tu. Ndiyo maana PHP ina urlencode inayotoa + na rawurlencode inayotoa %20, na Python ina quote_plus na quote. Angalia pia kwamba quote haigusi / usipoiambia safe=''.

Katika malipo mara nyingi utabeba anwani ndani ya anwani, ile ya kumrudisha mteja dukani. Hapo encodeURI haifai, maana inaziacha & na ? zilivyo. Tumia encodeURIComponent, na https://example.com/kikapu?bidhaa=7&rangi=nyekundu iwe https%3A%2F%2Fexample.com%2Fkikapu%3Fbidhaa%3D7%26rangi%3Dnyekundu. Au bora zaidi, iachie URLSearchParams, zana ya JavaScript, isimbe na kuunganisha vigezo yenyewe.

Sasa turudi kwenye ile kanuni ya kusimba mara moja tu. Ukisimba %20 tena, asilimia yake inageuka %25 na unapata %2520. Ukiiona %25 kwenye kumbukumbu za seva mahali ambapo hapakuwa na asilimia, tafuta ni maktaba ipi imerudia kazi yako. Kusimbua mara mbili ni hatari zaidi: ukikagua njia kwanza kisha ukaisimbua tena, %252e%252e%252f inapita ukaguzi na kuja kuwa ../ ndani ya seva. Simbua, ndipo ukague, na usisimbue tena.

Jina la kikoa, yaani sehemu kama example.com, halifuati haya. Lenyewe hutumia Punycode, njia ya kuandika herufi nyingine kwa ASCII tu, na münchen huwa xn--mnchen-3ya.

Usiamini unachokiona kwenye upau wa anwani, kwa sababu vivinjari huonyesha sura iliyosimbuliwa. Fungua zana za wasanidi, sehemu ya mtandao, uone kilichotumwa kweli. Na badala ya Juma, jaribu kila kisanduku kwa maneno haya:

Ng'ombe & mbuzi 50% + kuku/bata #1?

Kwa rawurlencode yanapaswa kutoka hivi:

Ng%27ombe%20%26%20mbuzi%2050%25%20%2B%20kuku%2Fbata%20%231%3F