Shukrani zilikwenda kwa mjomba

*Shangazi, shikamoo. Kwa miaka kadhaa nimemlipia ada binti wa rafiki yangu aliyefariki. Pesa napitisha kwa mwalimu mkuu, na nilimwomba asinitaje. Binti anaishi kwa mjomba wake. Juzi kwenye mahafali alisimama mbele ya watu akamshukuru mjomba "kwa kunisomesha". Mjomba akatabasamu, akapigiwa makofi. Nilishindwa kuvumilia, nikatoka kabla ya hafla kwisha. Tangu siku hiyo natamani kumwambia binti ukweli. Mume wangu naye hajui habari ya ada hizi. Je, mimi ni mnafiki?*

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Hapana, wewe si mnafiki. Mnafiki angeomba kipaza sauti. Wewe ulimeza machungu ukaondoka, na ada ililipwa, na mtoto amesoma. Donge la siku chache haliwezi kurudi nyuma likachafua nia ya miaka yote hiyo.

Ila tuitazame hiyo siri. Ulipomwomba mwalimu mkuu asikutaje, ulikuwa unamlinda nani? Huwezi kunishawishi kwamba ulikuwa unajilinda wewe. Mtoto yatima akijua anasomeshwa na mama fulani, kila akikutana naye moyo unamdunda: nimemwamkia vizuri? Amesikia nimeshuka darasani? Atachoka lini kunilipia? Binti huyu amesoma bila kubeba hayo. Siku aliyofeli mtihani, kama alifeli, hakuwa na mfadhili wa kumpigia magoti. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko ada yenyewe. Ukimwambia leo utamtwisha deni la miaka yote kwa mkupuo mmoja, na juu yake aibu ya kudhani amemshukuru asiyestahili mbele ya umati.

Halafu huyo mjomba. Umeandika "anaishi kwa mjomba wake" ukapita mbio. Mtoto huyo alipougua usiku, nani aliamka? Sare zake zilifuliwa wapi? Ujeuri wa umri ule, nani aliuvumilia? Inawezekana mjomba hamjui anayelipa, ameambiwa tu kuna msamaria. Na binti aliposema "kunisomesha", huenda alikuwa anamwona mtu aliyemgongea mlango kila alfajiri asichelewe shule. Mtu huyo naye ametenda wema, tena wa kila siku. Na kama kweli amejitwalia sifa isiyo yake, hilo atajibu mwenyewe.

Unajiuliza mbona umeumia ikiwa hukutaka kusifiwa. Nadhani njiani, bila kujua, ulianza kuingojea hiyo shukrani, na shukrani ikishangojewa hugeuka ujira. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio walilofanya kwa watoto wadogo waliopenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti chenye utepe wakichora. Wengine walichora kwanza, wakashtukizwa na cheti kile kile. Wengine hawakupewa kitu. Baadaye, watoto walioahidiwa cheti walitumia kama nusu tu ya muda wa wenzao kuchora kwa hiari. Waliopewa kwa kushtukizwa hawakupungua. Kwa hiyo mwanangu, asante ikikujia yenyewe siku moja, ipokee kwa mikono miwili. Kuikalia macho ndiko kunakokula ile furaha uliyoanza nayo.

Injili ya Mathayo, sura ya 6, na hadithi ya Mtume Muhammad ya watu saba watakaowekwa kivulini na Mwenyezi Mungu, zote zinasema mkono wa kushoto usijue kinachotolewa na wa kulia. Mkono wa kushoto ni wako mwenyewe! Yaani hata wewe usikae ukijihesabia ulichotoa. Nayo Kurani, Al-Baqara aya ya 264, inaonya kwamba masimango na udhia huibatilisha sadaka. Ukienda kwa binti na donge hili kooni, utaremba maneno utakavyo, yatatoka masimango.

Basi usimwambie sasa. Akishakuwa mtu mzima, akikuuliza ana kwa ana, usimdanganye. Mjibu kwa sentensi moja, kisha mzungumze mengine.

Mumeo ni habari nyingine kabisa, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Siri uliyomfichia mtoto ilikuwa heshima. Kumficha mwenzako matumizi ya miaka ni kumfungulia mlango wa shaka, na siku akiokota risiti atawaza mabaya kabla ya mema. Mwambie wiki hii, kabla ada nyingine haijadaiwa. Kumwambia si kujitangaza. Tena utapata mtu wa kumlilia siku kama ile ya mahafali, maana naona umebeba jambo hili peke yako muda mrefu mno.

Kisha nenda kwa binti, umpongeze kama rafiki wa marehemu mama yake. Msimulie mama yake alivyokuwa akicheka, alichokiogopa, mlivyogombana na mkapatana. Mjomba hawezi kumpa hayo, mwalimu mkuu hawezi, na hakuna sababu ya kuyafanya siri.

Shangazi