Ruzuku ndogo katika utafiti wa Lyme

SWALI: Assalaam aleikum, Mhariri. Mpwa wangu anasomea biolojia Marekani, na ametueleza kwamba mwalimu wake amepewa ruzuku ndogo ya kuanzia utafiti wa ugonjwa wa Lyme. Aliponitajia kiasi, niliona hakifiki hata mshahara wa mtafiti mmoja kwa mwaka. Fedha kama hizo zina faida gani kwa ugonjwa mzito namna hiyo?
Mama wa Likoni, Mombasa

JIBU: Wa aleikum salaam, mama. Lyme husababishwa na bakteria wa jamii ya Borrelia, jamaa wa wale waletao homa ya papasi, na huenezwa na kupe. Ingawa mtafiti Willy Burgdorfer alimtambua bakteria huyo mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ingawa mamlaka za afya za Marekani zimekadiria kwamba watu wapatao 476,000 hutibiwa ugonjwa huo kila mwaka, vipimo vinavyotumika zaidi bado hutafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili huunda kupambana na vijidudu, nazo huchukua wiki kadhaa kujitokeza, hivyo mgonjwa wa siku za mwanzo huweza kuambiwa hana kitu.

Mwenye wazo la kipimo bora hukwama papo hapo, kwa kuwa wafadhili wakubwa kwa kawaida hutaka kuona matokeo ya awali, nayo hayapatikani bure: lazima mtu aburute kitambaa cheupe juu ya nyasi na vichaka ili kupe wanase humo, awabandue mmoja mmoja kwa kibano, awapime vinasaba, kisha atafute damu ya wagonjwa iliyohifadhiwa vizuri. Gharama hizo ndizo zinazobebwa na ruzuku ndogo. Hailipii utafiti mzima (wala haikukusudiwa hivyo), bali hununua ushahidi wa kuambatisha kwenye ombi kubwa.

Kwa maoni yangu, imfae zaidi mtafiti chipukizi mwenye wazo linaloweza kushindwa. Ikimwendea profesa aliyekwisha jaziwa fedha, imepotea njia. Hata wazo likishindwa, mradi matokeo yachapishwe, wengine wameepushwa gharama kubwa zaidi.

Mwulize mpwa wako wanachunguza swali gani hasa, na ombi litakalofuata litapelekwa kwa nani. Mwalimu wake akikosa jibu la hilo la pili, basi wasiwasi wako una msingi.