Fundi Saa Anajibu: Namba Iliyojificha Chini ya Mkanda

Mwezi huu karibu barua zote zimeuliza namba, nami nimefurahi, maana makabati ya pwani yetu yamelaza saa nzuri ambazo wenyewe hawazijui. Kwanza tuelewane maneno mawili. Namba ya modeli, ambayo wauzaji huiita rifarensi, ni jina la ukoo: maelfu ya saa wanalo jina hilohilo. Seriali ni ya saa moja tu. Ukizichanganya hizo mbili utapotea njia mapema.

Assalaam alaykum fundi. Marehemu baba alifanya kazi Muscat miaka ya 1980, akarudi na Rolex ya rangi mbili, stili na dhahabu. Nimempelekea fundi mmoja hapa mjini. Alipofungua mgongo alikuta kwa ndani pamepigwa 16000, lakini kati ya masikio yanayoshika mkanda panasoma 16013. Kasema ni saa ya kuungaunga, atanipa bei ya dhahabu peke yake. Niuze? S. A., Tanga

Waalaykum salaam mwanangu. Usiuze. Kama umeshapokea arbuni, irudishe leo.

Saa ya baba yako ni Datejust, aina ya Rolex inayoonyesha tarehe, na namba zake zinapatana vizuri kabisa. Katika namba za tarakimu tano za wakati ule, tarakimu ya mwisho hutaja madini: 0 ni stili tupu, 3 ni stili na dhahabu ya njano, 4 ni stili yenye pete ya dhahabu nyeupe, 8 ni dhahabu ya njano mwili mzima. Tarakimu inayoitangulia hutaja umbo la pete inayozunguka kioo: 0 ni laini, 1 ni ile ya mifereji midogo midogo inayometameta kama ukingo wa sinia la shaba. Basi 16013 ni Datejust ya pete ya mifereji, stili na dhahabu. Ndiyo hiyo aliyokuja nayo baba.

Sasa mgongo. Mgongo wa 16013 ni wa stili, na ni uleule unaofungwa kwenye 16000, 16013, 16014 na ndugu zao. Kwa kuwa kifuniko ni kimoja, kilipigwa jina la mkubwa wao, 16000. Datejust zilizotangulia ni hivyohivyo: ukifungua 1601 mara nyingi utakuta mgongo umeandikwa 1600 au 1603, na hakuna aliyeiba kitu. Namba ya kuamini iko kati ya masikio, upande wa juu wa uso, penye 12. Seriali iko upande wa pili, chini, penye 6. Zote mbili huzioni mpaka mkanda utoke.

Jambo hili linaniuma, na nitakwambia kwa nini. Mwaka 1991, nikiwa fundi mchanga hapa Unguja, bibi mmoja alinijia na 1601 ya mumewe. Nilifungua, nikaona 1600 ndani, nikamwambia kwa kujiamini kwamba mgongo si wake na saa imechezewa. Aliniamini. Akaiuza wiki ileile kwa mfanyabiashara aliyeijua thamani yake na akanyamaza. Miaka mitatu baadaye ndipo nilipofungua ya pili, ya tatu, ya nne, zote 1601, zote na 1600 mgongoni. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinipokea, akanikaribisha chai, lakini saa ya mumewe haikurudi. Tangu siku hiyo sitoi hukumu juu ya namba moja.

Kwa hiyo usiniamini mimi pia kwa namba peke yake. Iulize saa yenyewe kama inakubaliana na jina lake. 16013 ina kioo cha plastiki: kiguse kwa ncha ya ulimi, si cha baridi kama kioo cha yakuti. Ukiona cha yakuti juu ya 16013, mtu amepita hapo. Mashine iwe imepigwa 3035. Vuta kichwa cha ufunguo hatua moja kisha zungusha: tarehe ibadilike peke yake bila akrabu kusogea. Kwenye 1601 haifanyi hivyo, lazima uvushe akrabu usiku wa manane kila siku unayotaka kuiruka. Seriali iwe tarakimu tupu, pengine saba, kama saa ni ya kabla ya 1987. Herufi mbele ya seriali ilianza mwaka 1987 kwa R.

Namba yenyewe iangalie kwa kioo cha fundi, kile cha kubana jichoni, taa ikiwa ubavuni. Mchoro halisi umekatwa: mistari ni myembamba, mikali, na ukiigeuza saa taratibu inang'aa kama makali ya wembe. Nyingi za bandia zimeliwa na tindikali, na chini ya kioo namba zake zinaonekana kama zimenyunyizwa mchanga. Ila jasho letu la pwani nalo linakula. Nimeona masikio ya saa halali yaliyotobokatoboka kwa chumvi hata tarakimu mbili hazisomeki. Safisha kwa mswaki laini ulioloweshwa kidogo tu, wala usiitumbukize majini saa ya umri huo hata kama mgongoni inajisifu kwamba haipitishi maji. Na mkanda atoe fundi mwenye kifaa chake. Bisibisi ya jikoni itaacha mikwaruzo palepale penye namba.

Shikamoo mzee. Nimenunua Omega kwa rafiki, uso umeandikwa Constellation. Ndani ya mgongo nimekuta 166.010. Mbona kwenye intaneti naambiwa hiyo ni Seamaster? J. K., Dar es Salaam

Marahaba. Constellation na Seamaster ni koo mbili tofauti za Omega. Kwenye intaneti wamekwambia kweli, na kwa saa yako mgongo ndio unaosema kweli. Omega za zamani zinasomwa kinyume na Rolex: modeli iko ndani ya mgongo, seriali iko juu ya mashine.

Omega ya miaka ya 1960 ilikuwa na utaratibu mzuri ambao ukiujua utaweza kusoma saa kama barua. Tarakimu ya kwanza, 1, ni saa ya kiume. Ya pili, 6, ni saa inayojijaza yenyewe mkononi, yenye akrabu ya sekunde katikati. Ya tatu ndiyo yenye kesi yako: 6 maana yake ni ya kuzuia maji na ina tarehe, basi. Ingekuwa kronomita, yaani saa iliyopimwa usahihi wake na kupewa cheti, pale pangekuwa na 8. Na Constellation zinazojijaza za wakati huo ni kronomita, uso wake wenyewe unajitangaza hivyo. Ndiyo maana Constellation maarufu, ile yenye uso ulioinama pembeni kama sahani iliyogeuzwa, ni 168.005.

Tazama na mashine. Ukikuta 562 au 565, hiyo ni mashine ya Seamaster. Constellation yenye tarehe ingekuwa na 561 au 564. Geuza saa pia: mgongo wa Constellation kwa nje huwa na kuba la kuchunguzia nyota, na nyota nane juu yake. Kama wako hauna, basi una Seamaster halali iliyovalishwa kanzu ya mtu mwingine. Si takataka. Ni saa nzuri sana itakayotembea miaka thelathini tena ukiitunza. Lakini kama ulilipa bei ya Constellation, rudi kwa rafiki yako mkae mzungumze, pengine naye aliuziwa hivyo.

Omega mpya zimeenda mbali zaidi, zina tarakimu 14. Chukua Speedmaster ya 2021, 310.30.42.50.01.001. 310 ni ukoo, 30 ni bodi ya stili na cheni ya stili, 42 ni upana kwa milimita, 50 ni aina ya mashine, 01 ni rangi ya uso, nyeusi, na tatu za mwisho ni mpangilio wa orodha. Muuzaji akikwambia "42" na rula yako ikasema 40, umeshamaliza mazungumzo.

Fundi, kuna jamaa ananiuzia kwa WhatsApp Rolex Submariner 126610LN, "imenunuliwa mpya 2018, kadi ipo". Bei nzuri. Nimtumie pesa? Msomaji, Nairobi

Hapana. 126610LN ilitoka Septemba 2020. Mwaka 2018 iliyokuwa ikiuzwa ni 116610LN, ya milimita 40. Hii yako ni ya 41. LN ni Kifaransa, pete nyeusi. LV ingekuwa ya kijani. Tarakimu ya pili tu, 1 au 2, imekuokolea pesa zako.

Na kwa wengine wanaotumiwa picha za namna hiyo: Rolex za sasa zimechorwa seriali ndani ya ukingo chini ya kioo, upande wa chini, penye 6, na kadi lazima iseme namba ileile. Ila namba kufanana na kadi hakutoshi, maana wanaotengeneza saa bandia wanatengeneza na kadi. Seriali moja ya kweli huchorwa juu ya saa za uongo kwa mamia. Saa ya bei hiyo inafunguliwa mbele yako, au hainunuliwi.

Saa yangu ni Seiko 5 tu, si ya kifahari. Mgongoni namba inaanza 7009, na seriali ni 7N0412. Nayo ina umri? Mkunazini

Inao, na usiseme "tu". Mgongoni kuna namba yenye kistari, kama yako inayoanza 7009: hiyo ni mashine, na baada ya kistari ni bodi. Seriali yako 7N0412 ni mwaka unaoishia na 7, mwezi wa Novemba. Oktoba ingekuwa O, Desemba D. Kwa 7009 ni 1977 au 1987. Muulize aliyekupa alikupa lini, utapata jibu.

Fundi, babu yangu mzaa mama aliondoka Unguja akaenda Oman, akatumikia serikali. Ametuachia Rolex ya dhahabu namba 1803, usoni kuna jambia dogo jekundu. Wajomba wanataka ipelekwe ikasafishwe na kubadilishwa uso maana umefifia. Namba yaweza kuthibitisha kwamba ni zawadi ya Sultani? Bi Z., Muscat

Dada yangu, wazuie wajomba kwanza, kisha usome.

1803 ni Day-Date, inayoandika siku kwa neno zima juu na tarehe pembeni, na yenyewe ni ya dhahabu. Namba itakwambia hayo. Haitakwambia habari ya jambia, kwa sababu 1803 zenye jambia na zisizo nalo zina modeli ileile. Saa hizi zenye jambia, alama ya Oman, zinajulikana hasa kwa enzi ya Sultan Qaboos, aliyeshika nchi Julai 1970. Alizoea kuwapa waliomtumikia, na nyingi ziliagizwa kupitia duka la Asprey la London. Kwa hiyo thamani yote imekaa juu ya kile kipande chembamba cha uso, na ndicho kinachoghushiwa, kwa sababu kuchapa jambia kwenye uso wa kawaida ni kazi ya mchana mmoja.

Mtafute fundi muaminifu aufungue mgongo na kusoma tu, bila kugusa kitu. Migongo ya Rolex mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilipigwa robo ya mwaka kwa Kirumi, kwa mfano III.70, yaani robo ya tatu ya 1970. Ukikuta 1970 au baadaye, hadithi ya babu inasimama. Ukikuta 1964, nitauliza maswali: uso ulikuja lini, na kutoka wapi? Chini ya kioo cha fundi jambia litazamwe kama wino umekaa sawa na maandishi mengine, na kama umezeeka pamoja nayo. Uso uliofifia huku jambia likiwaka jekundu jipya, hao hawakukua nyumba moja.

Kisha kusanyeni karatasi: barua ya kazi, picha ya babu akiwa ameivaa, boksi hata kama limeoza. Andikeni nani alimpa, mwaka gani, wakati wakubwa waliomwona wangali hai. Na msikubali uso ubadilishwe. Vituo vya matengenezo mara nyingi huuvua uso wa zamani na kuweka mpya kwa nia njema, na wa zamani haurudi. Masikio yasipigwe msasa pia. Kila msasa unapunguza dhahabu, na ukifika katikati unaila ile namba. Nitumie picha tatu: uso, katikati ya masikio, ndani ya mgongo. Nitakujibu kabla ya toleo lijalo.