Boliti ya oili: acha kuikaza kwa hasira

Msomaji amebadilisha oili ya gari lake mwenyewe, akaikaza boliti ya kumwagia "mpaka ikagoma", na bado inadondosha. Anauliza kama aongeze nguvu. Hapana. Weka spana chini kabla hujajinunulia sampu (bakuli la oili chini ya injini) nyingine.

Kinachozuia oili isitoke pale ni washa, ile pete inayokaa chini ya kichwa cha boliti. Kazi ya boliti ni kuibana washa hiyo kati ya kichwa chake na uso wa sampu, basi. Washa ya shaba au ya aluminiamu imefanywa laini kwa makusudi, ili ikibanwa ijisage kidogo na kuziba mikwaruzo midogo. Ikishatumika mara moja imeshachukua umbo la pale ilipokaa, na shaba huwa imegumuka. Ukiirudisha haikai tena vizuri, nawe unaanza kuongeza nguvu ili kufidia washa iliyochoka. Nyuzi nyingi, ile mistari ya kuzunguka inayoshika boliti, hufia hapo hapo. Weka washa mpya kila unapomwaga oili. Kwa boliti zenye mpira au washa iliyoshikana na boliti yenyewe, fuata mtengenezaji anavyosema. Kuna magari ambayo boliti nzima hubadilishwa kila mara.

Halafu kuna washa ya zamani inayobaki nyuma. Hunata kwenye sampu, imepakwa uchafu na oili, ukiitazama utadhani ni sehemu ya sampu. Pitisha ukucha kuzunguka tundu: ukigusa ukingo mwembamba, ndiyo hiyo. Ichokonoe taratibu bila kukwaruza uso. Ukiweka mpya juu yake, hata ukaze vipi, itavuja.

Sasa tuje kwenye namba za kukaza, zinazopimwa kwa Nm (nyutoni-mita), yaani nguvu ya kuzungusha. Toyota nyingi ndogo zenye boliti ya M12 (unene wa milimita 12) huhitaji karibu Nm 37 hadi 40, Honda nyingi zenye M14 ziko kwenye 39 au 40, Nissan nyingi 34, BMW nyingi zenye M12 ni 25 tu, na Volkswagen nyingi zenye M14 ni 30. Namba hizi ni za kukupa picha. Inayotawala ni ile ya kitabu cha injini yako, kwa sababu kampuni moja hutumia boliti tofauti kwenye injini tofauti. Angalia pia kipimo chenyewe: futi-pauni 30 ni karibu Nm 40, na anayechanganya viwili hivyo huishia kwenye karibu theluthi moja ya ziada au robo pungufu.

Nm 40 ni nguvu ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kwenye spana ya sentimita 20 ni kama kuning'iniza kilo 20 mwisho wa mpini. Ukichomeka bomba mpini ukafika sentimita 60, kilo 20 zile zile zinakuwa Nm 120. Mkono wako hautahisi tofauti yoyote, lakini nyuzi za aluminiamu zitaihisi. Sampu nyingi za kisasa ni za aluminiamu na boliti ni ya chuma, kwa hiyo ukizidisha anayeumia ni sampu, na boliti inatoka salama. Huo mtindo wa bomba, na ule wa mashine ya upepo kukazia boliti ya oili, sina neno la upole kwao.

Kitu kingine kinachosahaulika ni msuguano. Sehemu kubwa ya nguvu unayotia, karibu tisa kwa kumi, huishia kwenye msuguano wa kichwa cha boliti na wa nyuzi, na ni kidogo tu inayobana washa. Ukipaka grisi, msuguano unapungua, na namba ile ile kwenye spana inabana zaidi kuliko ilivyokusudiwa. Futa nyuzi za boliti, futa na tundu, kisha kaza. Mkanda wa bomba la maji usiuweke kabisa kwenye boliti yenye washa: hauhitajiki, na vipande vyake vinaweza kuingia kwenye oili.

Anza kwa vidole. Boliti iingie mizunguko mitatu au minne bila kukataa. Ikikataa mapema, itoe uanze upya, maana imeingia upande. Ukitaka kuisikia vizuri, izungushe kwanza kinyume polepole mpaka idondoke kidogo kwenye mwanzo wa uzi, ndipo uirudishe mbele. Washa ikigusa, tumia soketi ya pembe sita. Ya pembe kumi na mbili ndiyo inayomenya kichwa.

Kwa spana ya toki (ile inayopima nguvu ya kukaza na kulia ikifika), seti namba, vuta taratibu, na ikilia mara moja, acha. Wanaovuta mara ya pili na ya tatu "kwa uhakika" huwa wameshazidisha. Isitumike kufungulia boliti, na baada ya kazi irudishe kwenye namba yake ya chini kabisa. Kama huna, shika spana fupi karibu na kichwa chake. Washa bapa ikishagusa, robo mzunguko hivi inatosha kwa kawaida. Washa ya kupondeka, yenye uwazi ndani ya bati lake, huenda mbele zaidi kwa sababu lazima ipondeke kwanza.

Nyuzi zikianza kufa utazihisi: boliti ilikuwa inakaza, ghafla inalegea huku bado inazunguka. Simama hapo. Ukiitoa utaona mabati membamba yanayong'aa yamejisokota kwenye nyuzi zake. Dawa ya kudumu ni kuweka nyuzi za chuma ndani ya tundu kwa kifaa chake, au kubadilisha sampu. Boliti nene zinazojikatia njia ni za dharura: hukata mkato uliopinda kirahisi, na vumbi la kukata huangukia ndani. Ukilazimika kuitumia, paka grisi nyingi kwenye mikato ili inase vumbi, na mimina oili kidogo kwenye tundu la kujazia la injini ili isafishe njia kabla ya kufunga.

Ukimaliza, futa sampu ikauke, washa injini dakika mbili, zima, kisha tazama kwa tochi. Oili ikionekana, fuatilia mpaka juu kabla ya kugusa boliti. Mara nyingi inateremka kutoka kwenye filta, ambayo inaweza kuwa imekaa na mpira wa zamani juu ya mpya.

Kwa gia boksi na difu, fungua kwanza tundu la kujazia kabla ya lile la kumwagia. Ukimwaga kisha ukagundua la kujazia limeganda, gari halitatoka hapo.