Milioni nane na pasipoti ya Tanzania

Mdogo wangu, umeuliza kama milioni nane zinatosha kuzunguka dunia peke yako na begi la mgongoni. Dunia nzima, hapana. Miezi kadhaa Asia, ndiyo, ukijibana.

Kinachomaliza hela ni viza. Ya Schengen pekee, ile ya nchi nyingi za Ulaya kwa pamoja, ni yuro 90, na ukinyimwa hairudi. Kwa hiyo fuata milango iliyo wazi: Malaysia, Singapore na Ufilipino tunaingia bila viza, ila hakikisha tena kabla ya kulipia chochote. Singapore pita haraka, bei zake zitakutoa machozi.

Halafu tiketi ya kutokea, ya kuonyesha kwamba utaondoka kwenye nchi unayoingia. Mimi niliwahi kuzuiwa kaunta, begi tayari liko kwenye mzani, kisa sina. Nikanunua ya basi la kuvuka mpaka papo hapo kwa simu, jasho linanitiririka, foleni nzima nyuma inaguna.

Kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, usinunue ya mtaani. Chomwa kweli, tangu 2016 sindano moja ni ya maisha. Na begi lisizidi kilo 7, ndege za bei poa kule zinapima hadi la mkononi.